Marekani: ukimhamishia mtoto shule binafsi, haki hazimfuati zote

Wazazi wengi wanaoishi Marekani, wakiwemo wa kutoka kwetu Afrika Mashariki, huamini kuwa mtoto mwenye ulemavu akihamia shule binafsi, mpango wake wa IEP, yaani mpango wa elimu maalumu ulioandikwa kwa ajili yake, huhama naye. Sivyo. Sheria ya IDEA, ya Marekani kuhusu elimu ya watoto wenye ulemavu, iliyopitishwa mwaka 1975 kwa jina jingine, inaibebesha wilaya ya shule za umma wajibu wa kumpa elimu inayomfaa bila malipo. Ukimhamisha kwa hiari yako, hana tena haki yake binafsi ya kudai huduma zilezile. Wilaya hutenga fungu kwa watoto hao kwa jumla, na wako anaweza asipate kitu.

Wilaya yenyewe ikimpeleka huko, inalipa ada na haki zake zinabaki. Ikishindwa kumpa elimu inayofaa nawe ukamhamishia shule binafsi kwa sababu hiyo, unaweza kudai urudishiwe ada. Mahakama ya Juu ilikubali hilo mwaka 1985 katika kesi ya Burlington. Ila sema nia yako kwenye kikao cha mwisho cha IEP, au andika barua siku 10 za kazi kabla ya kumtoa. Usipofanya hivyo, madai yanaweza kupunguzwa au kukataliwa, na hapa ndipo wengi hukwama.