Piezo haiuawi na kazi: dhana potofu za magarajini Lubumbashi

Magari ya mazutu yenye injekta za piezo (zinazomimina mazutu kwenye silinda kwa kutumia kauri inayorefuka ikipata umeme) yamekuwa mengi katika garaji zetu, kuanzia Kampemba hadi barabara ya Likasi, na maneno ya uongo juu yake yamekuwa mengi vilevile. Maneno hayo yanawala watu pesa. Injekta nzima hutupwa, na iliyoharibika kweli hurudishwa garini.

Dhana yenye mizizi mirefu kuliko zote ni hii: piezo ikicheza sana, inachakaa. Inatokana na uzoefu wa beringi, mota na brashi za dinamo, vitu ambavyo kweli huliwa na msuguano. Ndani ya akchueta ya piezo, yaani sehemu inayogeuza umeme kuwa mwendo, hakuna kinachosuguana. Ni matabaka membamba ya kauri yenye madini ya risasi, zirkoni na titani, yamepangwa moja juu ya jingine, na kati yake kuna elektrodi, yaani tabaka za chuma zinazopitisha umeme. Ukipeleka umeme, kauri yenyewe hurefuka, kiasi cha sehemu moja kwa elfu ya urefu wake: safu ya milimita 30 huongezeka mikromita 30 au 40 hivi, basi. Wanasayansi Wafaransa Jacques na Pierre Curie walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele fulani zikikandamizwa hutoa umeme. Injekta hutumia kinyume cha hapo. Gari la Curiosity, lililotua kwenye sayari ya Mirihi mwaka 2012, hutikisa unga wa mawe kwa piezo ndani ya mojawapo ya vifaa vyake, na akchueta za aina hiyo zilijaribiwa hadi mizunguko bilioni 100 zikiwa bado nzima.

Basi huuawa na nini? Mara nyingi sana, na unyevu ukishirikiana na umeme uliosimama.

Hapa ndipo watu hunibishia. Wanadhani piezo iliyoshikiliwa kwenye volti 100 bila kutikisika imepumzika. Sivyo hata kidogo. Umeme wa moja kwa moja ukikaa muda mrefu, mvuke wa maji hupenya taratibu kwenye plastiki inayofunika kauri, na chembe za fedha kutoka kwenye elektrodi huanza kusafiri kuelekea upande wa pili. Umeme unaovuja huongezeka kidogo kidogo, mpaka siku moja unakatiza kabisa na kauri inaungua. Piezo inayofanya kazi mfululizo hupata joto kidogo la ndani, na joto hilo hufukuza unyevu. Kwa hiyo mwanafunzi anayeacha kifaa chake cha maabara chenye piezo kimewashwa bila kutikisika usiku kucha mwezi wa Januari, mvua za Katanga zikiwa zimekolea, anakiumiza kuliko yule anayekifanyisha kazi mchana kutwa. Dawa ipo: panga kifaa ili muda mwingi kikae kwenye volti sifuri, tumia volti ndogo kadiri kazi inavyoruhusu, au nunua aina iliyofunikwa kwa kauri badala ya plastiki. Kushuka kutoka volti 120 hadi 100 peke yake huongeza maisha.

Wengine husema kauri ni ngumu, haiogopi nguvu. Ukiibana, ni kweli: huvumilia mzigo mkubwa ajabu. Ukiivuta, kuipinda au kuisokota, hupasuka kwa nguvu ndogo tu. Ndiyo maana ndani ya injekta kuna springi inayoibana safu daima, ili hata inapojikunja kwa kasi isivutike. Anayeifungua injekta na kuifunga tena bila kurudisha mbano ule ameshaiua, hata kama itafanya kazi wiki moja.

Joto nalo lina mpaka wake. Kila kauri ina kiwango cha joto ambacho ikikifikia hupoteza mpangilio wake wa ndani. Kwa nyingi ni kati ya nyuzi 150 na 350. Kwa usalama, usivuke nusu ya kiwango hicho. Kugeuza nyaya za chanya na hasi pia huvuruga mpangilio huo.

Sasa upimaji, maana hapa injekta nyingi nzima hutupwa bure. Injekta ya koili, ile inayofunguliwa na sumaku ya waya uliozungushwa, hupima omu chache au chini ya hapo. Ya piezo hupima kilo-omu mia na zaidi, kwa sababu ndani yake kuna kizuizi cha kumwaga chaji. Fundi aliyezoea koili huona namba kubwa vile, akasema waya umekatika. Haujakatika. Pima pia uwezo wake wa kuhifadhi chaji, ambao ni mikrofaradi kadhaa, kisha linganisha na injekta nyingine za injini ileile. Zikilingana, acha kuilaumu piezo. Angalia mazutu yenye maji au uchafu, filta, na mdomo wa injekta.

Na usichomoe kamwe plagi ya injekta ya piezo injini ikiwaka. Chaji inaweza kubaki ndani, injekta ikakaa wazi ikimimina mazutu kwenye silinda mpaka pistoni iharibike. Volti zake zinapita 100, kwa hiyo hata mkono wako uko hatarini. Zima kwanza, subiri, ndipo uguse.