Moshi Usio na Masizi

Jirani yangu hapa Mamboleo, Kisumu, akiona ukungu wa kijivu, ananiuliza kabla hata ya salamu: "Mwalimu, leo wamechoma wapi?" Ana haki yake. Miwa ya Kibos au Miwani ikichomwa kabla ya kukatwa, upepo wa alfajiri unaoshuka kuelekea ziwani huleta masizi mpaka kwenye nguo alizoanika.

Lakini asubuhi moja ya Julai milima ya Nandi ilikuwa imefifia, jua likiwa jekundu kama kaa, na nguo zake zilikuwa safi. Moshi usio na masizi kwa kawaida umetoka mbali, maana masizi ni mazito, huanguka njiani.

Mchana nilifungua picha ya Suomi NPP, setilaiti inayopita kwetu mnamo saa saba na nusu. Mimi huanza na ziwa, si nchi kavu. Maji ni meusi, moshi huonekana juu yake kama shuka chafu. Juu ya nyasi kavu hupotea. Kuna mtego, hata hivyo: mng'ao wa jua majini humdanganya mtu. Na je, kama ni wingu jembamba? Nahamia picha ya mawimbi mafupi ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Moshi hutoweka, wingu hubaki.

Kosa la wanaoanza ni kukimbilia nukta nyekundu za moto kwenye ramani na kulaumu iliyo karibu. Setilaiti hiyo hupima joto kwa vipande vya mita 375, tena hupita mara chache kwa siku. Shamba la miwa lililowaka jioni likazima upesi halina nukta yoyote. Meteosat, setilaiti nyingine inayopiga picha kila dakika 10 au 15, ingeweza kuwahi, ila kila kipande cha picha yake ni cha kilomita kadhaa. Moto mdogo haiuoni. Naipendea jambo jingine: nikizipanga picha zake mfululizo, naona moshi unatembea.

Siku hiyo ulitembea kutoka magharibi. Monoksidi ya kaboni, gesi itokanayo na moto, ambayo setilaiti ya Sentinel-5P huipima na ambayo hudumu angani kwa wiki nyingi, ilionyesha mkanda unaovuka Uganda mpaka Kongo, ambako nyasi huungua kati ya Juni na Septemba.

Bado sikutosheka. Upepo wa ziwa wa mchana ni wa chini tu. Juu yake hewa ina safari zake. Nikairudisha nyuma njia ya hewa kwa HYSPLIT, programu ya NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na anga, mara mbili: kuanzia mita 500 juu ya Kisumu, kisha mita 3,000. Ya chini iliishia kuzunguka ziwani. Ya juu ilikwenda moja kwa moja Kongo.

Jioni nikamwambia jirani kuwa hakuna aliyechoma hapa kwetu.

"Basi sianui," akasema.