Mkunjo wa rikavu hauongezi paundi

"Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kozi ya uwindaji, leseni ninayo, sasa natafuta upinde wa kulungu. Jamaa wameniambia ninunue rikavu, ule upinde wenye ncha zilizokunjwa kwenda mbele, maana upinde mrefu hauna nguvu ya kuua, ni wa wazee na wa maonyesho."

Marahaba, mdogo wangu. Swali ni zuri, ila hayo ya jamaa zako nimeshayajibu kwenye simu, kwenye ujumbe, hadi msibani. Safari hii nayaandika, na atakayeniuliza tena nitamtumia ukurasa huu, niendelee na kazi. Kazi yenyewe ni kutengeneza na kurekebisha pinde hapa Pennsylvania, na ikikaribia Oktoba karakana yangu haina nafasi ya kukaa.

Upinde wa paundi 50 unataka paundi 50 za nguvu mwishoni mwa mvuto. Uwe mnyoofu, uwe umekunjwa ncha, mizani itasoma 50. Ndiyo maana ya namba hiyo. Mkunjo wa rikavu hauongezi hata paundi moja. Sheria ya Pennsylvania nayo inataka upinde wa kuwindia kulungu usipungue paundi 35, haiulizi umbo.

Mkunjo una kazi yake, sikatai. Unapoanza kuvuta rikavu, ugwe, yaani kamba ya upinde, bado umelala juu ya mkunjo, hivyo mkono wa upinde (kile kipande kinachopinda, juu au chini ya kishikio) unafanya kazi kama ni mfupi na unakuwa mgumu tangu inchi za mwanzo. Ukizidi kuvuta, ugwe unabanduka kwenye mkunjo, wenzo unarefuka, na inchi za mwisho zinakuja kwa upole. Ukijumlisha safari nzima utakuta rikavu imehifadhi nishati zaidi kidogo kuliko upinde mrefu mnyoofu wa paundi zile zile. Kidogo. Na pinde ndefu zinazouzwa leo nyingi si nyoofu, ni mahuluti: karibu na kishikio mikono inalala kuelekea kwa mpigaji, kisha inapinduka kwenda mbele. Bado tunaziita pinde ndefu kwa sababu ukishazitia ugwe, ugwe unagusa ncha tu, haulali juu ya mkono. Mahuluti mzuri akishindanishwa na rikavu ya kawaida, tofauti ya mwendo wa mshale ni ndogo kuliko tofauti inayoletwa na vidole vyako kati ya mshale wa kwanza na wa pili.

Anayesema upinde usio na mkunjo hauui aende Ziwa Eyasi akawaambie Wahadzabe. Najua utanijibu kwamba wanatumia sumu. Kwa wanyama wakubwa ni kweli. Wawata, wawindaji wa Tsavo kule Kenya, nao walikuwa na pinde ndefu nzito ajabu, na bado aliyemlaza tembo hakuwa upinde, ilikuwa sumu ya msunguti inayosimamisha moyo. Huku kwetu sumu hairuhusiwi, kwa hiyo tubaki na kinachoua kulungu: chembe, yaani kichwa cha mshale, yenye makali ya wembe, imepita kwenye mapafu, damu ikatoka upesi. Mshale hauui kwa kishindo kama risasi. Ukishalielewa hilo, ubishi wa umbo la upinde unapoa wenyewe.

Ila upande wa pili nao hawajambo kwa kukera. Kuna wapenzi wa upinde mrefu ambao ukiwapa dakika mbili watakupeleka kwenye vita vya Waingereza na mishale iliyotoboa deraya. Zile pinde zilizoopolewa kwenye Mary Rose, meli iliyozama 1545 na kuinuliwa 1982, zinakadiriwa kuvutwa kwa paundi 100 na kuendelea, nyingine zaidi ya 150. Zilivutwa na watu waliozoezwa tangu utotoni. Wewe unafanya kazi ghalani siku tano, una Jumamosi moja. Umbo linafanana, shughuli ni tofauti kabisa. Na Uingereza hiyo hiyo leo imepiga marufuku kuwinda kwa upinde, mrefu au mfupi.

Wawindaji wa Kimarekani Saxton Pope na Art Young walikwenda Tanganyika mwaka 1925 kuwinda simba kwa pinde ndefu. Howard Hill alimpiga tembo Afrika kwa upinde mrefu. Fred Bear, aliyekuwa na kiwanda Grayling kule Michigan, naye alimpata tembo, kwa rikavu. Tembo wote hao wamekufa vilevile.

Sasa tuje kwenye tofauti zenye maana. Kwanza soma maandishi ya mkono wa chini wa upinde wako. Yakisema 50 kwa inchi 28, hiyo ni kwa mtu anayevuta inchi 28. Kila inchi inabadilisha kama paundi mbili hadi tatu. Mwenye mvuto wa inchi 26 ameshika upinde wa 45, mwenye inchi 30 ameshika wa 55, na wote wawili watanigombeza kwamba nimewauzia kitu sicho. Pima mvuto wako kabla ya kupima pochi yako.

Urefu wa upinde unaingia hapo hapo. Pembe kati ya ugwe na ncha ya mkono inapokaribia nyuzi 90, upinde unagoma: kila inchi inakuwa nzito kuliko iliyopita, na mkono wako unaanza kutetemeka pale unapotaka utulie. Mkunjo wa rikavu unachelewesha mgomo huo, ndiyo maana rikavu inaweza kuwa fupi, inchi 58 au 60, na bado ikavutika vizuri. Upinde mrefu unahitaji urefu wake, 64 hadi 68, kuchelewesha jambo lile lile. Hiyo ndiyo faida kubwa ya mkunjo kwa mwindaji, kuliko hiyo kasi mnayoiimba. Ukiwa umekaa juu ya jukwaa la mtini, umefungwa mkanda, ncha ya chini ya upinde wa inchi 68 itagonga kiti, au goti, au ile ngazi, na itagonga sekunde ile kulungu ameinua kichwa. Ukiwa chini, umesimama nyuma ya shina, inchi hizo hazikusumbui.

Lakini mrefu wa mikono asikimbilie rikavu fupi. Ukivuta inchi 30 kwenye upinde wa 58, ugwe unafanya pembe kali kwenye vidole, kidole cha juu na cha kati vinabana mkia wa mshale, mshale unanyanyuka kwenye kikalio chake, nawe unalaumu manyoya. Mtu wa aina hiyo nampa rikavu ya inchi 62 au 64, au upinde mrefu, na mara nyingi anarudi akitabasamu.

Halafu kelele. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie, kwa sababu ndipo watu wanaponunua kasi wasiyoihitaji.

Sauti huenda takriban mita 340 kwa sekunde. Mshale wa kuwindia, wenye uzito wa heshima, ukitoka kwenye upinde wa paundi 50 unakwenda mita 52 hadi 55 hivi kwa sekunde. Mweke kulungu mita 18 mbele yako. Ukiachia, kishindo cha ugwe kinamfikia wakati mshale haujamaliza hata mita tatu. Mita 15 zilizobaki ni zake. Watu husema anakwepa mshale. Hauoni mshale! Amesikia kitu, anakunja miguu apate kujirusha, na miguu ikikunjwa mgongo unashuka. Mshale ulioulenga katikati ya mapafu unapita juu, au unagonga juu ya mgongo, na hapo usiku wako umeharibika, na wake zaidi.

Sasa niambie, ukiongeza mita tatu kwa sekunde kwa kununua upinde wenye kasi, umeokoa nini? Kwa mita 18 umeokoa kama sekunde 0.02. Kulungu aliyeshtuka haijali 0.02 yako. Asiposhtuka kabisa, umeokoa kila kitu. Kwa hiyo ukija kwangu na swali la kasi, nitakujibu kwa swali la kelele, na usinione mkorofi.

Rikavu kwa maumbile ina kelele zaidi. Ugwe unaporudi unaupiga ule mkunjo kama kofi, upande wa juu na wa chini. Upinde mrefu hauna mahali pa kupigwa kofi. Lakini rikavu inanyamazishwa. Funga vishungi vya manyoya ya biva (mnyama wa mtoni) au vya sufu kwenye ugwe, bandika kipande cha ngozi laini pale ugwe unapolalia mkono, kisha sokota ugwe. Kusokota kunaufupisha, na nafasi kati ya ugwe na kishikio inaongezeka. Rikavu nyingi zinapenda inchi saba na nusu hadi nane na nusu hivi, pinde ndefu huwa chini ya hapo. Usikariri namba. Ongeza mizunguko michache, piga, sikiliza. Ongeza tena, piga, sikiliza. Kuna mahali ule mlio wa "twang" unageuka "tup". Ukipapata, weka alama. Nimeletewa rikavu "mbovu" ambazo ugonjwa wake ulikuwa mizunguko ya ugwe tu, mwenyewe ameshaiweka sokoni kwa bei ya kutupa.

Na mshale uwe mzito. Greni 10 kwa kila paundi ni kipimo cha kuanzia, yaani upinde wa 50 unataka mshale wa greni 500, gramu 32 na kidogo, pamoja na chembe. Mshale mwepesi unaondoka haraka lakini unauachia upinde nishati ambayo haukuibeba, na nishati hiyo inageuka kelele na mtikisiko. Mzito unapenya vizuri na upinde unanyamaza. Wauzaji wa mishale myepesi wananichukia, ni sawa.

Msifikiri upinde mrefu hauna kasoro. Ule mnyoofu wa mtindo wa Kiingereza unaweza kukutikisa mkono hadi kwenye kiwiko, na ni mwepesi mno mkononi kwa mtu aliyezoea kishikio kizito cha rikavu. Novemba umevaa koti nene, ugwe wake uko karibu na kifundo cha mkono, unakamata mkono wa koti na mshale unaenda unakotaka wenyewe. Funga kikinga mkono juu ya koti. Suala la usafiri halina mjadala: rikavu ya vipande vitatu inaingia kwenye begi la kawaida.

Kuna usemi kwamba upinde mrefu "unasamehe" makosa. Vitabu vinauandika kama kanuni ya fizikia. Mimi nina shaka nao. Ni kweli mkono wa upinde huo, mwembamba kwa upana lakini mnene kwa kina, haupindi ovyo upande, na ni kweli kishikio chake kinaulazimisha mkono wako ukae sehemu ile ile kila mara. Lakini uzito wa kishikio cha rikavu nao unatuliza mkono unaoyumba, na huo pia ni msamaha. Wakati mwingine naona msamaha unaosifiwa unatoka kwa mpigaji: aliyechagua upinde mrefu ameshakubali kwamba hapigi ng'ambo ya mita 18, anasubiri, kulungu anakaribia, halafu upinde unapewa sifa za subira yake. Mwenye rikavu yenye dirisha zuri la kulengea, ule upenyo uliokatwa juu ya kishikio, anajaribiwa kupiga mita 30. Siwezi kulithibitisha hilo, na nikimwona mtu analipinga kwa hoja nzuri huwa nanyamaza.

Basi wewe uliyeniandikia: una mvuto wa inchi 27, utakaa jukwaani, huna mahali pa kuhifadhi upinde mrefu kwenye chumba chako cha kupanga. Chukua rikavu ya vipande vitatu, inchi 60, mikono ya paundi 40 kwa kuanzia. Arobaini, hujasikia vibaya. Kulungu anakufa kwa 40 yenye chembe kali. Kwa 55 inayokutetemesha hafi, anajeruhiwa. Mwakani ukiona umeimarika utabadilisha mikono, kishikio kinabaki. Kama ungekuwa unawinda kwa kunyatia chini na mikono yako ni mirefu, ningekupa mahuluti wa inchi 66 bila kufikiri mara mbili. Jamaa zako hawakosei kukuambia ununue rikavu, wanakosea kila sababu waliyokupa.

Ukikuta ya mtumba, itie ugwe kwa kamba maalumu ya kutilia ugwe, kisha ishike ncha ya juu karibu na jicho uangalie mpaka ncha ya chini. Ugwe upite katikati ya mikono yote miwili. Ukiona umekimbilia pembeni, mkono umepinda. Wakati mwingine unanyooshwa kwa kuupinda kinyume polepole, wakati mwingine hapana, na bei iwe inajua hivyo. Pitisha kidole ukingoni mwa mikono kutafuta ufa. Usivute na kuachia bila mshale, hata mwenyewe akikuruhusu, hasa akikuruhusu. Halafu mwombe akuonyeshe yeye huwa anautiaje ugwe. Akiupitisha mguu katikati na kuukunja kwenye paja, mshukuru, rudisha upinde, utafute mwingine.