Je, wajua stika ya Kijapani kwenye kioo cha gari inasema nini?

Simama dakika kumi tu pale Darajani, au Chake Chake kama uko Pemba, utizame vioo vya mbele vya gari zinazopita. Noah, IST, Vitz, Hiace ya abiria, kigari cha mizigo cha Suzuki. Katika nyingi utaona stika ndogo ya mraba, juu ya kioo, ina tarakimu moja kubwa na nyengine ndogo. Rangi yake ni bluu kwa gari za kawaida na njano kwa zile ndogo za injini ya cc 660. Wenye gari wengi huiacha kwa sababu haimsumbui mtu. Wengine wanaipenda kwa kuwa inaonesha gari imetoka Japani moja kwa moja.

Stika ile ni ushahidi. Inasema gari ilikaguliwa na serikali ya Japani, ikaonekana inafaa kutembea barabarani, na ruhusa yake ilikuwa inamalizika mwezi gani wa mwaka gani. Tarakimu kubwa ni mwezi, ndogo ni mwaka. Ukiingia ndani ya gari ukaitizama kwa nyuma, utakuta tarehe kamili. Anayenunua gari ya mkono wa pili hapa kwetu bila ya kuisoma anaacha shahidi amekaa mbele ya macho yake.

Mimi nilijifunza haya mwaka 2022, nilipofuatana na shemeji yangu kutizama Noah aliyoipenda. Ilikuwa safi kweli: rangi inang'ara, viti havijachanika, na dashibodi inaonesha kilomita 71,000. Dalali akasema gari kama hii yenye kilomita chache hivi haikai wiki. Shemeji alikuwa keshaanza kuuliza habari ya malipo. Tukaipeleka kwa fundi wetu Mwanakwerekwe ili aisikilize injini. Yeye hata boneti hakufungua. Alifungua mlango wa dereva, akainama pale kwenye nguzo mlango unapofungia, akapangusa vumbi kwa kidole.

"Tizama hapa, sheikh," akamwambia shemeji. "Nisomee hizo namba."

Palikuwa na karatasi ndogo ya kunata, maandishi yake yote ya Kijapani, lakini namba ni hizi hizi tunazozitumia sote. Mstari mmoja uliandikwa 29.11, na mwengine 113,700. Ni stika ya kumwaga oili. Gereji za Japani hubandika moja kila zinapobadilisha oili, mlangoni au chini ya boneti, zikiandika tarehe na kilomita. Gari iliyokuwa na kilomita 113,700 wakati ingali Japani imefikaje Unguja, ikatembea miaka, halafu ikawa na 71,000?

Kilomita za gari za siku hizi ni namba iliyohifadhiwa kwenye chipu ndogo ndani ya dashibodi. Mwenye kifaa chake huibadilisha kwa dakika chache, na wapo wanaovua dashibodi nzima na kuweka nyengine. Sisemi nani aliirudisha Noah ile, kwani ilikuwa imeshapita mikono mitatu. Lakini aliyeirudisha alishughulika na namba moja tu, na kilomita za gari ya Japani zinaandikwa mahali pengi. Ndiyo maana kumbukumbu za ukaguzi zina thamani kuliko dashibodi: ni namba iliyoandikwa na mtu asiyekuwa na faida yoyote katika biashara yako, siku ambayo hakuna aliyejua kuwa gari ile siku moja itauzwa Zanzibar.

Ukaguzi wenyewe kwa Kijapani unaitwa shaken, na msingi wake ni sheria ya mwaka 1951. Gari mpya ya mtu binafsi hukaguliwa kwa mara ya kwanza ikifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2 mpaka mwisho wa maisha yake. Gari za mizigo na za kukodisha hukaguliwa mara nyingi zaidi. Wanapima breki za kila gurudumu, taa na pale mwanga wake unapopiga, moshi, mwelekeo wa matairi, na hata kama mshale wa spidi unasema kweli. Kisha mtu anashuka chini ya gari na kutizama bushi, mabomba, uvujaji wa oili, na mipira inayofunika viungo vya shafti za magurudumu. Mpira mmoja ukichanika unatosha kuiangusha gari kwenye ukaguzi. Hapa kwetu mpira huo tunatembea nao umechanika mpaka kiungo kilie.

Gharama yake si ndogo. Ukijumlisha ada, bima ya lazima, kodi ya uzito na matengenezo, mwenye gari mara nyingi hulipa zaidi ya yen 100,000 kwa mara moja. Gari ikipita miaka 13 kodi ya uzito inapanda, na ikipita 18 inapanda tena. Basi mtu wa Osaka anapoona stika yake inakaribia kumalizika, hupiga hesabu na kuona bora auze. Hilo ndilo linaloleta gari nyingi nzima bandarini Malindi, na ndiyo sababu ukikuta gari iliondoka Japani miezi michache kabla ya stika kumalizika, hilo pekee lisikutie wasiwasi.

Sasa kuisoma. Wajapani huhesabu miaka kwa zama za wafalme wao. Zama za Heisei zilianza 1989 na kumalizika Aprili 2019, na Reiwa zikaanza Mei 2019. Mwaka wa Heisei unaujumlisha na 1988, wa Reiwa na 2018. Ukiona mwaka 30 ni 2018. Ukiona 3, ni 2021. Kwenye gari zinazouzwa kwetu leo huwezi kuchanganya, kwa sababu za Heisei ni namba kubwa, ishirini na kitu au thelathini, na za Reiwa bado ni ndogo. Zipo hata stika zilizoandikwa 32, yaani 2020, kwa sababu zilitolewa kabla zama hazijabadilika. Tarehe zao huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Kwa hivyo ile 29.11 ya mlangoni ni Novemba 2017.

Stika ya kioo ya Noah ile ilisema 30 na 9, yaani Septemba 2018. Rudi nyuma miaka 2: ilikaguliwa na kufaulu Septemba 2016. Kadi ilionesha imesajiliwa Japani kwa mara ya kwanza Septemba 2009. Hesabu mwenyewe: miaka 3 ni 2012, kisha 2014, 2016, 2018, kila mara Septemba. Mwezi haukuhama. Hili wengi hawalijui, nami nalipenda kuliko yote. Mwenye gari akiwahi ukaguzi ndani ya miezi miwili ya mwisho kabla muda haujamalizika (mpaka Machi 2025 ulikuwa mwezi mmoja), mwezi wa usajili hubaki pale pale maisha yote ya gari. Ukikuta gari iliyosajiliwa Septemba lakini stika yake inasema Februari, maana yake mara nyingi ni kuwa kuna kipindi iliwekwa bila ya ruhusa ya kutembea, kisha ikakaguliwa upya. Pengine mwenyewe alisafiri, au ilikaa yadi ikingoja mteja, au iligongwa ikakaa gereji. Muulize muuzaji, kisha ukatizame chasi na maungio ya bodi kwa makini zaidi.

Tukamwomba muuzaji cheti cha kusafirisha gari nje. Hii ni karatasi ambayo Japani huitoa gari inapofutwa kwenye daftari lao, na bila yake gari haipandi meli. Wakala wa forodha huwa nayo, kwa hivyo hata gari ikishapita mikono miwili mitatu, mara nyingi kuna mtu ana nakala au picha kwenye simu. Muuzaji aliitafuta siku mbili, akaileta. Cheti hicho huandika kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho na zile za ukaguzi wa kabla yake, kila moja na tarehe yake, zikiwa zimekatwa kufika mamia. Ya Noah ilisema 71,300 mwaka 2014 na 98,400 mwaka 2016.

Zipange sasa. Miaka 5 ya mwanzo kilomita 71,300, kama elfu 14 kwa mwaka. Miaka 2 iliyofuata 27,100, bado ni kama elfu 13 na nusu kwa mwaka. Ongeza miezi 14 mpaka Novemba 2017, unafika karibu sana na zile 113,700 za stika ya oili. Namba tatu, zilizoandikwa na watu wasiojuana, zinakubaliana. Dashibodi peke yake ndiyo iliyokuwa na hadithi nyengine.

Kabla ya yote hayo hakikisha karatasi ni ya gari hiyo. Gari zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hazina ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Zina namba ya chasi fupi, kwa mfano inayoanza ZRR70 kwa Noah za aina ile, kisha kistari, kisha tarakimu. Watu huichukua wakaiingiza kwenye tovuti za Ulaya na Marekani, ikakataliwa, wakadhani gari ni ya wizi. Si ya wizi, tovuti zile hazikutengenezwa kwa namba hizo. Tafuta pale ilipogongwa kwenye chuma chenyewe, uilinganishe herufi kwa herufi na cheti, na kadi, na cheti cha ukaguzi wa kabla ya kupakiwa melini ambao Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS, inautaka.

Kama gari ilinunuliwa mnadani Japani, omba na karatasi ya mnada. Ina mchoro wa gari na herufi za kizungu juu yake: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipopigwa bodi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Daraja likiandikwa R, gari iliwahi kuumia na kutengenezwa. Kwetu visiwani herufi za kuogopa zaidi ni S na C, kutu na kulika kwa chuma. Hokkaido na kaskazini ya Japani barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Gari iliyokula chumvi ile miaka kumi, ukaja kuilaza Nungwi au Mkoani upepo wa bahari ukiipiga usiku kucha, chini yake hubakia rangi tu. Lala chini uitizame. Chukua bisibisi, ugonge.

Gari kutoka Uingereza, ambazo ndugu zetu huziingiza kwenye makontena, zina njia nyepesi zaidi. Ukaguzi wao unaitwa MOT, ulianza 1960, na gari ikishafika miaka 3 ni kila mwaka. Serikali yao imeweka majibu kwenye intaneti bure, kuanzia mwaka 2005: siku ya ukaguzi, imefaulu au imeanguka, imeanguka kwa nini, na ilikuwa imetembea maili ngapi. Lakini lazima uwe na namba ya usajili ya Uingereza, siyo ya chasi, kwa hivyo idai kabla hujalipa. Na kumbuka ni maili: elfu 60 zao ni karibu kilomita elfu 97. Soma pia yale maonyo madogo ambayo hayakuiangusha gari. "Bomba la breki limeanza kutu" likijirudia miaka mitatu mfululizo linakueleza mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani.

MOT haipimi afya ya injini wala giaboksi, na shaken nayo inasema tu gari ilikuwa salama siku ile. Tangu ishuke Malindi, imetembea kwenye mashimo yetu, pengine na mizigo isiyo yake. Huko hakuna stika. Ni fundi, jeki na tochi.

Shemeji hakuiacha Noah. Alimwekea muuzaji karatasi zile mezani, akasema bei ya gari iliyokwishapita kilomita laki na nusu, wakavutana mpaka alaasiri wakakubaliana. Pesa iliyopungua ikatosha shokapu za mbele, bushi zote na oili ya giaboksi. Fundi alipokuwa anaisafisha alitaka kuibandua ile stika ya mlangoni, shemeji akamkataza. Ipo mpaka leo, na kila anapomwaga oili huandika chini yake kwa kalamu, tarehe na kilomita.