Laminesheni Haiokoi Brosha: Dhana Potofu Kuhusu Karatasi za Magari ya Zamani

Nimeletewa tena brosha ya Citroën Traction Avant, gari lililoingia sokoni mwaka 1934, ikiwa imepigwa laminesheni kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mwenye nayo aliiweka mezani kwa fahari na kuniambia kwamba sasa imesalimika, na kwamba wajukuu wake wataikuta kama ilivyo. Sikuwa na namna ya kulainisha jibu langu. Brosha hiyo ilikaa miongo mingi ndani ya droo bila ulinzi wowote ikabaki nzima, na pigo kubwa kuliko yote iliyowahi kupata ni lile la siku ilipopitishwa kwenye mashine. Kazi yangu ni kuhifadhi na kukadiria thamani ya karatasi zinazohusu magari ya zamani, yaani brosha, katalogi za vipuri, vitabu vya mwongozo, mabango, kadi za matengenezo na risiti, na hakuna kauli ninayoisikia mara nyingi kama hii ya kwamba laminesheni hulinda.

Kinachotendeka ndani ya mashine ni hiki. Filamu ya plastiki hupakwa gundi ambayo ni ngumu katika hali ya kawaida, lakini huyeyuka inapopita kati ya roli zenye joto ambalo kwa kawaida huzidi nyuzi 100 za Selsiasi. Gundi iliyoyeyuka haibaki juu ya karatasi, bali hupenya katikati ya nyuzi zake, hushikamana na wino, kisha hupoa na kuganda humo humo. Kuanzia hapo karatasi na plastiki ni kitu kimoja. Kuvitenganisha kunahitaji viyeyusho vya kemikali, ambavyo mara nyingi huondoka na wino pamoja na gundi. Karatasi iliyopakwa udongo mweupe ili ing'ae, ambayo ndiyo iliyotumika kwa brosha nyingi za kifahari, huweza kuchunika uso wake wote wenye picha na kubaki kama ukuta uliobanduka rangi.

Wapo wanaonijibu kwamba hawana nia ya kuitoa plastiki, hivyo habari ya kutenganisha haiwahusu. Jibu hilo linaonyesha kwamba hawajamtambua adui. Karatasi nyingi za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zilitengenezwa kwa mbao zilizosagwa, zikabaki na lignini yake, yaani dutu inayoshikanisha nyuzi za mti, tena zikatiwa shabu na utomvu wa msonobari ili wino usisambae. Mchanganyiko huo huzaa asidi, na asidi hukata minyororo ya selulosi, dutu inayojenga nyuzi za karatasi, kidogo kidogo mpaka ukurasa unakatika ukikunjwa mara moja tu. Asidi hiyo imo ndani ya karatasi yenyewe. Karatasi iliyo wazi hupoteza sehemu yake kwa njia ya hewa, ilhali iliyozibwa pande zote huketi ndani ya mvuke wake yenyewe na kuharibika kwa kasi zaidi. Plastiki imezuia vumbi na vidole, ambavyo havikuwa tatizo kubwa, na imelifungia tatizo kubwa ndani.

Wahifadhi wenyewe waliwahi kuiamini dhana hii, na historia hiyo ndiyo inayonifanya nisiwe na subira nayo. Katika miaka ya 1930, huko Virginia nchini Marekani, William Barrow alibuni mashine ya kuzibia nyaraka ndani ya filamu ya asetati ya selulosi, aina ya plastiki, na kwa miongo kadhaa maktaba na hifadhi za nyaraka zilimfuata. Barrow alikuwa mtu makini aliyeifahamu hatari ya asidi, na baadaye akawa anaipunguza kabla ya kuziba. Hata hivyo, filamu ya asetati nayo huchakaa na kutoa asidi ile ile iliyomo katika siki, na leo kuna wahifadhi wanaoloweka nyaraka hizo katika kiyeyusho kiitwacho asetoni, moja baada ya nyingine, ili kuzikomboa. Ikiwa kazi iliyofanywa na wataalamu kwa uangalifu kiasi hicho inafumuliwa, sioni jinsi mashine ndogo ya kuzibia vitambulisho itakavyofanya vizuri zaidi.

Anayetaka kinga atumie bahasha ya plastiki angavu ya poliesta safi, isiyo na gundi na yenye pande mbili zilizo wazi, na nyuma ya karatasi aweke kadibodi isiyo na asidi. Brosha itaonekana, haitapinda, na siku yoyote inaweza kutolewa ikiwa vile vile ilivyoingia. Mifuko ya PVC, ile laini yenye harufu kali ya plastiki mpya, isikaribie kabisa, kwa sababu vilainishi vyake hutoka taratibu na kuufanya wino unate kwenye plastiki. Na kwa yule anayetaka kitu cha kushikwa na wageni, ushauri wangu haujabadilika hata siku moja: apige skani, achape nakala ya ukubwa ule ule, kisha nakala hiyo aipige laminesheni kadiri apendavyo.

Selotepu ni ndugu wa laminesheni, nayo hutetewa kwa maneno kwamba kipande kidogo hakidhuru. Inafaa wakusanyaji wa vitu vya magari wajue kwamba utepe huu ulizaliwa katika karakana za magari. Mwaka 1925 Richard Drew wa kampuni ya 3M aliwabunia mafundi rangi utepe wa kunata, kwa kuwa walikuwa wakihangaika kupata mstari safi kati ya rangi mbili za bodi, na mwaka 1930 akaleta ule unaopitisha mwanga. Utepe wa mafundi ulikusudiwa kubanduliwa mara kazi inapokwisha. Ukiachwa juu ya ukurasa kwa miaka mingi, gundi ya selotepu hugeuka kama mafuta, huzama ndani, na huacha doa la kahawia ambalo hubaki hata baada ya utepe kudondoka. Mchaniko hufungwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, ambao hulegea kwa unyevu kidogo. Asiyeweza kufanya hivyo auache mchaniko kama ulivyo, maana mchaniko naweza kuutibu, lakini doa la selotepu mara nyingi siwezi.

Dhana nyingine ni kwamba karatasi ya njano ndiyo halisi. Unjano hutengenezwa kwa chai katika muda wa kunywa kikombe kimoja. Uzee wa kweli kwa kawaida huanzia kwenye kingo, mahali hewa na mwanga vinapofika, na hupungua kuelekea katikati ya ukurasa, ilhali ule wa kughushi huenea sawasawa au hufanya mawimbi. Chukua lenzi ya kukuzia na utazame herufi badala ya picha. Katika chapa za asili nyingi, picha hujengwa kwa nukta lakini herufi ni wino uliojaa wenye kingo safi. Katika nakala iliyopigwa skani, herufi nazo mara nyingi huonekana zimevunjika kuwa nukta zenye ukungu. Kisha zima taa na uiangaze karatasi kwa taa ya urujuanimno. Kemikali za kung'arisha karatasi zilianza kutumika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hivyo brosha inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1920 ikiwaka kwa weupe wa kibuluu, hakuna haja ya kuendelea na mazungumzo ya bei.

Kuhusu dhana kwamba kila cha zamani ni adimu, nitatoa mifano miwili tu. Ford Model T ilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, na yalitoka zaidi ya magari milioni 15, kwa hiyo kitabu chake cha mwongozo, hata kikiwa na umri wa karne nzima, si kitu cha ajabu kukipata. Kwa upande mwingine, kitabu cha mwongozo wa wasafiri cha Michelin cha mwaka 1900 kilichapwa nakala zinazokaribia 35,000 na kugawiwa bure, lakini kwa kuwa kilikaa garini, kikachafuka na kutupwa toleo jipya lilipofika, nakala zilizobaki hutafutwa kwa udi na uvumba. Kinachohesabiwa ni nakala zilizosalia na watu wanaozitaka.

Glavu nyeupe za pamba hazifai kwa karatasi. Hupunguza hisia za vidole na hunasa kwenye kingo zilizochanika. Mikono iliyooshwa na kukaushwa vizuri inatosha, na glavu zibaki kwa picha za kamera na nembo za chuma.

Fremu ukutani si hifadhi ikiwa ukuta wenyewe unatazamana na dirisha. Makumbusho mengi huweka karatasi zenye rangi zinazopauka upesi chini ya mwanga hafifu usiozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), tena kwa muda maalumu, kwa sababu rangi iliyopauka hairudi.

Mhuri wa wakala na mwandiko wa mwenye gari wa kwanza haviharibu kitu, na nimeumia sana kuona kurasa zilizokwanguliwa mpaka zikatoboka ili mhuri utoke. Mhuri hueleza gari liliuzwa wapi. Kadi ya matengenezo yenye tarehe na kilomita, hata ikiwa na alama za dole gumba lenye grisi, huweza kuthibitisha historia ya gari kuliko kitabu kisichowahi kufunguliwa.

Kosa la mwisho hutokea karakana na wala si maktabani, nalo ni kuamini kwamba karatasi iliyokutwa ndani ya kiti kibovu ni takataka. Katika magari mengi ya Marekani ya miaka ya 1960 na 1970, karatasi ya maelekezo ya kiwandani, yenye orodha ya injini, rangi na vifaa vilivyoagizwa, iliachwa kwenye springi za viti au juu ya tangi la mafuta. Ni miongoni mwa ushahidi bora wa jinsi gari lilivyotoka kiwandani, na wengi huifagia pamoja na sponji iliyooza. Kabla ya kiti kuchanwa, mtu apige picha kila hatua na ainyanyue karatasi hiyo kwa kuingiza kadibodi ngumu chini yake. Ikiwa panya wameitafuna, vipande vyote viokotwe, viwekwe katika bahasha moja bila kukunjuliwa kwa nguvu, na visiunganishwe kwa selotepu.