Mafuta ya zeituni kuganda kwenye friji si kipimo cha ubora

Ujumbe huu unazunguka tena kwenye makundi ya WhatsApp: weka chupa ya mafuta ya zeituni kwenye friji, yakiganda ni halisi, yasipoganda umeuziwa feki. Si kweli.

Kuganda kunategemea zaidi aina ya mzeituni. Arbequina, ya Catalonia huko Hispania, huwa na mafuta mazito, yale yanayoganda upesi, kwa kiwango cha juu kidogo kuliko Picual ya Jaén, pia Hispania, ambayo sehemu yake kubwa, karibu 80%, ni asidi ya oleiki, aina ya mafuta mepesi zaidi. Kwa hiyo mafuta mawili safi kabisa yanaweza kukaa friji moja, moja likaganda na jingine likabaki maji. Na yaliyochakachuliwa nayo huweza kuganda.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu mafuta mengi ya zeituni kweli huganda kwenye baridi, na alizeti ya kawaida haigandi. Ni rahisi kuona hapo kuna kanuni.

Rangi nayo isikudanganye. Waonjaji wa kitaalamu hutumia glasi ya rangi nzito makusudi, wasiione.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo; unamharibia jina muuzaji mwaminifu. Uhakika kamili hutoka maabara, ambako daraja la juu kabisa (extra virgin) halitakiwi kuzidi 0.8% ya asidi huru, yaani ile iliyoachana na mafuta yanapoharibika, si jumla ya asidi ya oleiki. Nyumbani, tafuta chupa nyeusi na tarehe ya mavuno, kisha onja: harufu ya majani mabichi, uchungu kidogo, na muwasho kooni. Muwasho huo ni dalili njema.