MS: kinga haijashuka, imekosea mtu

Akitajwa mgonjwa wa MS hapa Moshi, hakosi mtu wa kusema "kinga yake imeshuka", na kabla chai haijapoa mgonjwa ameshaelekezwa soko la Mbuyuni akanunue unga wa mlonge wa kuipandisha. Nimeyasikia kanisani, kwenye daladala ya Kiborloni na, la kusikitisha zaidi, dirishani kwa muuza dawa. Ukiuliza imeshukaje, unajibiwa: si alianza na homa, kirusi kikamla kinga?

Multipo sklerosisi, yaani MS, ni ugonjwa ambamo chembe za kinga hushambulia mayelini, utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva kwenye ubongo, uti wa mgongo na neva ya jicho. Utando ukichubuka, ujumbe unachelewa au unakatika: jicho linafifia, mguu unakufa ganzi, mtu anachoka bila kazi. Basi.

Kirusi kimo, sikatai. Kinachotajwa zaidi ni Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964 katika seli za uvimbe zilizotoka Uganda. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard, waliopitia kumbukumbu za wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani, walieleza kwamba hatari ya kupata MS iliongezeka mara 32 baada ya mtu kuambukizwa kirusi hicho. Wengi wakifika hapo wanafunga ukurasa. Lakini zaidi ya watu wazima 9 katika kila 10 duniani wanacho, nawe msomaji huenda unacho, na karibu wote hawapati MS kamwe. Kirusi ni kichocheo. Nasaba, uhaba wa vitamini D na sigara navyo vina mkono wao. MS yenyewe haiambukizi.

Kinachochea vipi? Protini moja ya kirusi, EBNA1, ina kipande kinachofanana na kipande cha GlialCAM, protini ya ubongoni. Mwaka huohuo wa 2022, watafiti wa Stanford walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana kingamwili, yaani protini ambazo kinga hutengeneza ili kumnasa adui, zinazozikamata zote mbili. Ni kama sungusungu walioambiwa mwizi kavaa fulana nyekundu ya soko la Memorial, wakamshushia kipigo jirani aliyenunua fulana ileile. Hao sungusungu hawakuwa wachache wala legelege. Ukiwaongezea marungu, jirani atapona?

Na hili si la kubuni. Mwaka 1987 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 18 wa MS waliopewa interferoni gama, kitu kinachoamsha kinga: 7 kati yao ugonjwa uliwalipukia wakati wa matibabu. Ndiyo maana dawa za leo hufanya kinyume. Steroidi hutuliza kinga. Okrelizumabu huondoa seli B, aina mojawapo ya chembe za kinga, zilezile ambamo Epstein-Barr hujificha. Kwa baadhi ya wagonjwa kinga hushuka kweli, ila imeshushwa na dawa, kwa makusudi, na homa kwao ni ya kuwahi hospitali.

Kwa hiyo shangazi zangu, mlonge upikeni kama mboga, sina neno. Ila tuseme "kinga inamshambulia mwenyewe", na chochote kilichoandikwa "huongeza kinga" kipelekeni kwanza kwa daktari wake akione.